Meja Aliyekataa Peke Yake

Kombania ya Meja Obadia ilifika chini ya kilima cha Kisonga asubuhi ambayo wachimbaji walikuwa wakimzika Mzee Simeoni. Kwa mbali Meja aliona umati umesimama juu ya kilima, akadhani wamejipanga kupambana. Kisha upepo ukamletea pambio la kanisani, akaelewa kuwa ni msiba. Aliwaamuru askari wabaki kwenye magari, akashuka na kupanda kilima peke yake.

Kisonga ni kilima kidogo upande wa chini wa mteremko wa Sekenke. Tangu wazungu wa zamani walipoacha mashimo yao, watu walikuwa wakichimba dhahabu hapo kwa sururu na nyundo, na masika wakilima mtama pembeni. Walikuwa wamejenga nyumba, kanisa la udongo na msikiti mdogo wa bati. Ilipofika miaka ya soko huria, kila kitu kikapata mnunuzi, na kilima nacho kikapewa mwekezaji. Watu wa Kisonga walikwenda mahakamani. Jaji akaweka zuio kwamba asiondolewe mtu mpaka kesi iishe, na habari hiyo ikatangazwa redioni, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hakuisikia.

Lakini Meja Obadia alikuwa amepewa amri nyingine. Kilima kiwe kitupu kabla jua halijazama, na atakayebaki apigwe risasi. Kanali wake alimwambia kwa mdomo tu, akaongeza kuwa amri hiyo ni ya mkuu wa nchi mwenyewe. Kama kweli ilitoka huko, au ilizaliwa njiani kwenye meza ya mtu aliyekula na mwekezaji, hakuna aliyekuwa chini ya Kanali aliyeweza kujua. Amri ikishasemwa kuwa imetoka juu, nani atapanda kwenda kuuliza?

Meja alikuwa mtoto wa Misigiri, Mnyiramba wa kuzaliwa, Mlutheri aliyepiga magoti kila alfajiri hata akiwa porini. Asubuhi ile alisali ndani ya gari, macho wazi, ili dereva asijue. Alimwomba Mungu awe amewaondoa watu wote kilimani kabla yeye hajafika. Ilikuwa sala ya mtu anayetaka Mungu amfanyie kazi yake.

Alipofika juu alikuta mazishi yamesimama. Jeneza lilikuwa chini, pambio limekwisha, mchungaji ameshika kitabu chake bila kusoma. Ndani ya kaburi alikuwa amelala mwanamke mmoja, amevaa koti la marehemu.

Huyo alikuwa Rahabu, Mnyaturu, aliyewapikia wachimbaji wali na maharage. Mzee Simeoni alikuwa Mnyiramba, na Wanyiramba na Wanyaturu ni watani. Mtani ana haki yake msibani. Humwigiza marehemu, huwasema wafiwa mbele ya watu, huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Rahabu alikuwa amekwisha kuigiza kikohozi cha mzee na mwendo wake wa kuburuta mguu alioumizwa Burma, enzi alipokuwa askari wa Mwingereza. Watu walikuwa wanacheka huku machozi yanawatoka.

Alipoona viatu vya jeshi ukingoni mwa kaburi, aliinua kichwa.

"Haya, amekuja Mnyiramba mwenye cheo," alisema. "Wenzako wamenipa kuku mgonjwa nimekataa. Nyie mkifiwa mnaficha kuku wazima uvunguni."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Meja naye alicheka. Alimjibu kuwa Mnyaturu akipewa kuku mzima atauliza punda wa kumbebea yuko wapi.

"Punda nimemwona," Rahabu alisema. "Amevaa kofia."

Safari hii walicheka sana. Kisha Rahabu akakaa kitako mle kaburini, akajifunga vizuri koti la marehemu, na sauti yake ikabadilika.

"Simeoni amenituma nikuulize, mtani. Atalala hapa, au kesho mtamfukua?"

Meja Obadia aliwatazama watu waliomzunguka. Nyuma yao, milangoni mwa nyumba, aliona mizigo iliyokwisha kufungwa, magodoro, sufuria, baiskeli zimelazwa tayari. Kumbe wengi walikuwa wamejiandaa kuondoka mara tu baada ya kuzika. Walikuwa wameyaona magari tangu yakiwa mbali.

"Atalala," alisema.

"Neno la Mnyiramba silili. Nipe rehani."

Meja alivua kofia yake ya jeshi, yenye nembo ya taifa, akainama na kumpa. Rahabu aliivaa, akaishikilia kwa mkono mmoja, akapanda kutoka kaburini. Mazishi yakaendelea. Meja alitupa udongo pamoja na wafiwa, akashika mkono wa mjane, na alipogeuka kushuka aliona wanawake wanafungua mizigo na kurudisha sufuria ndani. Aliona, na moyo wake ukafurahi. Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye kuliko mengine yote, kwamba alifurahi.

Chini, redio ilikuwa inamwita. Kanali alitaka kujua kama kilima ni kitupu. Meja alimweleza kuhusu mazishi, na Kanali akasema kuwa amri haikutaja mazishi.

"Afande, kuna zuio la mahakama," Meja alisema. "Na watu hawa hawana silaha. Siwezi kuwapiga risasi."

"Nani amekuuliza unaweza nini? Hii ni amri ya mkuu wa nchi."

"Nilikula kiapo kutii amri halali, afande. Hii si halali. Hata angekuja mwenyewe akaitamka hapa mbele yangu, ningemwambia hivyo hivyo."

Kisha Kanali akasema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, apewe Kapteni Damiani.

Damiani alikuwa msaidizi wa Meja. Walikuwa wamekaa kambi moja miaka mingi, na watoto wa Damiani walimwita Obadia baba mkubwa. Alisikiliza redio akiwa ameinamisha kichwa, akajibu ndiyo, afande, na ndiyo tena. Alipoirudisha redio mahali pake hakumtazama Meja usoni.

"Naomba bastola yako, afande."

Meja aliifungua kiunoni akampa. "Na wewe unaweza kukataa, Damiani," alisema.

"Ukikataa wewe, nipo mimi. Nikikataa mimi, yupo Luteni. Jeshi hulijui?" Damiani alipangusa jasho shingoni. "Halafu wewe una shamba Misigiri. Mimi nina nini?"

Jibu lilikuwa nyuma ya Meja, limejipanga mistari pembeni ya magari. Askari wake walikuwa wanamtazama. Aliwafahamu kwa majina na kwa vijiji vyao, alijua ni yupi mama yake anaumwa na ni yupi ameoa juzi. Bado walikuwa wake. Neno moja tu kutoka kinywani mwake, kwamba hakuna kufyatua, na Damiani angekuwa kapteni asiye na bunduki nyuma yake. Askari walilisubiri neno hilo. Yeye aliwapita, akaingia kwenye Landrova kama mtu anayetoka kanisani baada ya kupokea meza ya Bwana. Alihisi amemaliza. Alikuwa na mikono safi, na alikuwa anamshukuru Mungu kwa ajili ya mikono hiyo, wakati Damiani alipowaongoza askari kupanda kilima.

Askari mmoja aliachwa amlinde. Hakufunga hata mlango wa gari.

Meja alisikia risasi za kwanza zikipigwa hewani. Damiani alitaka watu watawanyike wenyewe, na Meja alimjua vya kutosha kuelewa hivyo. Alitega sikio asikie vishindo vya watu wanaokimbia, vilio vya watoto, mbuzi kukata kamba. Hakusikia kitu. Kilima kilikuwa kimya kabisa.

Alimuuliza yule askari aliyeinua shingo kutazama, watu wanafanya nini huko juu.

"Wamesimama, afande," askari alisema. "Wanaume wamevua kofia."

Hapo ndipo Meja alipoelewa. Watu walikuwa wamezika askari wa zamani. Meja mwenyewe alikuwa amekuja, ametupa udongo, ametoa rehani kwa mtani mbele ya kaburi, na neno la namna hiyo halijawahi kuvunjwa katika nchi ile. Sasa askari wake wamepanda wamejipanga, wamepiga risasi mbinguni. Walidhani jeshi limekuja kumpa Mzee Simeoni heshima zake.

Alitoka garini akaanza kukimbia kupanda, huku akipiga kelele wakimbie. Sauti yake haikufika hata katikati ya kilima. Alimwona Rahabu akiwatangulia wenzake kuwapokea askari, koti la marehemu bado mwilini, kofia imekaa upande. Mikono yake ilikuwa imefunguliwa. Baadaye waliokuwa karibu walisema aliwauliza askari wamesahau nini tena, kama si kuku. Kisha risasi zikashuka chini, na Rahabu akawa wa kwanza.

Jua lilipozama, Kisonga palikuwa patupu kama ilivyoamriwa.

Kesi ya Meja Obadia iliendeshwa kambini, milango imefungwa. Kulikuwa na ugumu. Kumshtaki kwa kukataa amri kungelazimu amri yenyewe isomwe, na karibu nayo lisomwe zuio la jaji, kisha mtu aulizwe ni nani hasa aliyeitoa. Hakuna aliyetaka kuulizwa. Kwa hiyo wakamshtaki kwa kumpa raia mali ya jeshi, yaani kofia moja, na kwa kuacha kituo chake. Kwa hayo alivuliwa cheo na kufungwa.

Mmoja wa maofisa waliokaa kumhukumu, mtu mzima mwenye mvi, alimwuliza nje ya utaratibu kama anajuta.

"Kukataa sijutii," Obadia alisema. "Naijutia namna nilivyokataa. Nilikataa kama mtu mmoja, afande, na mimi sikuwa mtu mmoja. Nilikuwa na kombania."

Yule ofisa akaagiza aondolewe.

Gerezani Obadia hakuacha kusali, lakini sala zake zilifupika. Zamani alikuwa anamweleza Mungu mambo mengi. Sasa alitaja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, akanyamaza, akalala.

Alipotoka alirudi Misigiri. Mkewe, Eliana, alikuwa ameliendeleza shamba la alizeti peke yake, na mikono yake ilikuwa imekuwa migumu kuliko ya mumewe. Alimpokea bila maswali. Lakini zilipopita wiki chache, akiwa anapepeta mtama, alimwambia kuwa mtu huwa hahani msiba kwa kusali tu. Alikamata majogoo wawili wakubwa, akawafunga miguu, akamjazia na kikapu cha unga.

Nyumbani kwa akina Rahabu kulikuwa Unyaturuni, mbali na barabara. Obadia alisafiri kwa basi, kisha kwa miguu. Njia nzima alijitayarisha. Watani walikuwa na haki ya kumwambia lolote, na yeye alitaka waseme. Alitaka wamwite mwuza watu na punda mwenye kofia, wamnyang'anye kikapu, wamvue viatu, wammwagie maji ya kunawia. Alikuwa na kiu ya matusi yao kama mtu anayetafuta dawa. Alijua kwamba mtani akikutukana, maana yake bado uko ndani ya nyumba.

Mama yake Rahabu, bibi Febronia, alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba akichambua kunde. Obadia alisimama mbali kidogo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Meja. Karibu."

Alimwita Meja, cheo ambacho hakuwa nacho tena, na hakukitamka kwa dhihaka. Kaka zake Rahabu walitoka ndani, wakampa mkono, wakampokea kikapu na majogoo kwa mikono miwili na kushukuru. Walimletea kiti chenye mgongo, kile kinachotolewa kwa mgeni wa serikali. Walizungumza naye kuhusu mvua, kuhusu bei ya alizeti, kuhusu barabara iliyokatika. Obadia alieleza kilichomleta. Alisema yote, hata lile la askari waliokuwa wanamsubiri atamke neno. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakasema asante kwa kuja.

Akangoja. Hakuna aliyemtania.

Chakula kililetwa, ugali wa mtama na mmoja wa wale majogoo. Binti mmoja alimnawisha maji taratibu, amepiga goti, macho chini. Obadia alitazama lile bakuli lililojaa, akajaribu mwenyewe.

"Kumbe Wanyaturu mnajua kuchinja," alisema. "Nilidhani mtamfuga jogoo wangu mpaka azeeke."

Mmoja wa kaka zake Rahabu aliinua macho, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama jibu liko mdomoni mwake. Kisha akamtazama mama yake, akashusha macho.

"Kula, Meja," bibi Febronia alisema. "Chakula kinapoa."