Mazoezi ya Kitambaa

Mume wangu aliposema, "Jumamosi twende wote tamasha la watoto," nilimuuliza kama ana homa. Mtu ambaye siku ya mapumziko humkuti ila kitandani kifudifudi! Akacheka. Akasema nimechoka kufua mashuka ya hospitali usiku na mchana, nastahili kupumzika, mimi ndiye nguzo ya nyumba hii. Nikavishwa kilemba cha ukoka, nami bila haya nikakikaza kichwani. Nilibadilishana zamu na mwenzangu wa kwenye pasi, nikaamka alfajiri kukaanga kuku.

Wifi yangu naye alikuja. Hilo halikunishangaza. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, ndiye anayekaa na binti yetu ninapokuwa kazini, na Mungu hakumjalia mtoto. "Nigawie huyo, wifi," husema kila siku, nami humjibu, "Mchukue, ila kurudisha marufuku!" Tunacheka mpaka machozi. Utani wa mawifi, nani aupime?

Binti yetu ana miaka saba. Tunamwita Chiriku, maana hafungi mdomo hata akiwa na tonge ndani.

Tamasha lilikuwa kwenye uwanja wa mpira. Chiriku akachorwa masharubu ya paka, akafinyanga udongo kitu alichodai ni tembo, akaruka kwenye jumba la puto mpaka soksi moja ikapotea. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, miguu nimenyoosha, nasema moyoni, kumbe na sisi ni familia.

Ndipo mtangazaji akaita mchezo wa "Mtambue Mama". Akina mama wanasimama mstari mmoja, mikono mbele, bila kutoa sauti. Mtoto anafungwa kitambaa machoni, anapapasa mikono mpaka ampate mama yake. Akipatia, wanapanda jukwaani, wanavishwa taji la karatasi na kupigwa picha.

"Nami naingia," wifi akasema. "Mlezi naye ni mzazi."

"Mwache," mume wangu akaniambia. "Mchezo tu huo."

Nikamwacha. Ningekosaje kumwacha? Kiganjani nina kovu la pasi, refu na gumu, na Chiriku tangu mchanga halali mpaka alipapase. Ningeweza kuchanganywa na akina mama mia, mwanangu angenichomoa.

Akaja, mikono mbele, masharubu yamefutika upande mmoja. Akamgusa wa kwanza, akamwacha. Wa pili, akamwacha. Akafika kwangu. Kidole chake kikapita juu ya kovu, kikasimama hapo, kikabonyeza. Nilikuwa nimeshaanza kuinama nimkumbatie.

Akaniachia. Akasogea hatua mbili, akashika mikono ya wifi yangu, akasema kwa sauti, "Huyu!"

Watu wakapiga makofi. Wifi akamnyanyua juu, analia, "Mwanangu! Mwanangu mimi!" Wakapandishwa jukwaani. Mume wangu alikuwa wa kwanza kupiga picha. Hakunitazama, na mtu asiyekutazama wakati kama huo ana lake jambo.

Waliposhuka nilimshika mtoto mkono, nikasema nampeleka bombani kunawa uso. Nikachuchumaa mbele yake.

"Chiriku, hukunijua?"

"Nilikujua," akasema, kama nimemuuliza swali la kijinga. "Si una kovu?"

"Sasa mbona umenipita?"

Mtoto wangu, ambaye siri haikai kwake hata dakika, akatazama viatu vyake. Maji yalikuwa yanamwagika bure, sikuyafunga.

"Tulifanya mazoezi ya mchezo huu," akasema. "Nyumbani, ukiwa kazini. Baba ananifunga kitambaa, namtafuta shangazi. Baba alisema nikizoea, shule ikifunguliwa nikihamia kwake sitalia." Akaniangalia usoni. "Alisema na wewe hutalia. Umeshazoea kutokuwepo."

Loo! Ningechomwa kisu nisingetoka damu, nilivyoganda. Mazoezi! Mimi niko kwenye mvuke wa mashuka, wao wako sebuleni kwangu wanamfundisha mwanangu kunipita. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa naimba tu huo msemo.

Nikarudi naye mkekani. Nikawakuta wale wawili, pika na pakua, wanakula kuku wangu. Wifi bado kavaa taji.

"Mtoto anahamia wapi?" nikauliza.

Wifi akaacha kutafuna. Mume wangu akafuta vidole, kimoja kimoja. "Tulitaka kukwambia leo, baada ya kula," akasema. "Tuliona siku ya furaha utaelewa. Kwa dada ni karibu na shule. Wewe huna nafasi, mke wangu. Hata yeye mwenyewe kamchagua."

"Kamchagua?"

"Si umeona? Watu wote wameona."

Ndicho kisa cha tamasha, basi. Kuja kote huku, nguzo ya nyumba, kumbe nimeletwa nishindwe mbele ya mashahidi. Nilitaka kupiga kelele uwanja mzima usikie. Badala yake nikavaa viatu, nikachukua soksi iliyobaki, nikamshika Chiriku mkono.

"Unakwenda wapi?" mume wangu akainuka. "Usituaibishe hapa!"

Tulipofika getini, Chiriku akanivuta. "Mama, na baba je?"

"Baba yako ana dada yake."

Akageuka nyuma. Wifi alikuwa amesimama katikati ya watu, mikono ameinyoosha. Ndipo mwanangu akaanza kulia, kilio cha kweli, anajivuta kutoka mkononi mwangu, anaita, "Shangazi! Shangazi!" Nikamshika kwa nguvu zangu zote, na kwa mara ya kwanza tangu nimzae nilihisi ninaiba.