Kitovu cha Kioo

"Jicho langu ni bikari," Makeke alimwambia bibi aliyeleta kioo. "Ukiliona duara langu, bibi, mwezi utauonea huruma."

Makeke ni jina alilobandikwa dukani kwa mjomba wake, fundi vioo, kwa sababu ya mdomo usiojua likizo. Mjomba alikuwa ametoka kutafuta gundi, na alikataza kioo cha bibi kisiguswe. Kilikuwa cha marehemu mama yake bibi huyo. Kilivunjika, kikabaki kipande cha pembe tano, na duara lililotakiwa kwenye fremu lilikuwa na upana karibu sawa na wa kipande chenyewe. Kikiharibika, hakuna kingine.

Bibi akasinzia. Makeke akakilaza kipande juu ya shingo ya chupa, akakisogeza mpaka kikatulia bila kuinama, akatia alama. Penye mizani ndipo katikati, kuna nini tena? Akasimika kwenye alama mkono wa kukatia, wenye kigurudumu kikali nchani, akazungusha. Krrr. Mara kigurudumu kikatoka nje ya ukingo, kikakata hewa.

Jasho likamtoka hadi visigino. Uzito ulikuwa umeegemea upande mpana, lakini duara halijali uzito. Linajali ukingo ulio karibu. Akakumbuka maneno ya mjomba aliyozoea kuyacheka: ukingo unaokubana zaidi, ukimbie; ukibanwa na mwingine, na huo nao ukimbie. Maadamu kipande hakikubonyea ndani, hutapotea njia. Kingo tatu zikikubana sawasawa, nawe huna tena pa kukimbilia, umefika.

Akashika rula, akaikimbiza alama. Kidogo huku, nusu kidole kule. Nje mjomba akasikika akisalimiana na muuza viatu. Makeke akakata, akagonga, vipande vya pembeni vikaachia. Duara likaingia kwenye fremu kama yai kwenye ganda. Mkwaruzo wa kwanza ulibaki kwenye kipande cha kutupwa. Akakifunika kwa gunia, akakikalia.

Mjomba aliingia, akafoka kwanza, kisha akainamia fremu. Akamuuliza Makeke alipataje kitovu cha duara.

"Kwa jicho, mjomba. Mara moja tu."

Bibi akafumbua macho, akaelekeza kidole kwenye vioo vilivyojaa ukutani.

"Mjukuu wangu, duka la vioo halina mgongo. Hebu mwonyeshe mjomba wako hicho ulichokikalia."

Makeke alikuwa ameshaanza kuinuka polepole, maana kilikuwa kinamchoma.