Valvu Isiyogonga

Tupokigwe alikuwa akimpozea mama yake uji na kumuuliza kama sukari inatosha, kama alivyofanya kila asubuhi tangu mama atoke kwenye upasuaji wa kuwekewa valvu mpya ya moyo, pale jirani yao, Mama Praygod, alipoingia bila hodi.

"Valvu aliyowekewa kaka yangu inagonga kama saa ya ukutani," alisema. "Hebu niisikie na yako, shoga." Akaweka sikio kifuani kwa mama, akakunja uso. "Mbona kimya?"

Kikombe kikamponyoka Tupokigwe. Yeye ndiye aliyemshawishi mama achague valvu ya ng'ombe, ili asifungwe na vidonge vya kuzuia damu kuganda maisha yake yote.

Bahati nzuri, siku hiyo walikuwa na miadi ya kipimo cha kwanza cha moyo tangu upasuaji. Toka nyumbani kwao Boko hadi hospitali Tupokigwe alikiangalia kifua cha mama kama bado kinapanda na kushuka.

"Inayogonga ni ya chuma," daktari alieleza, macho kwenye skrini. "Hii imetengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe, haina kelele. Ona, inafunguka yote. Damu inapita bila kubanwa, wala hairudi nyuma."

Mama akacheka. "Kumbe ng'ombe wangu mpole! Sasa mbona unalia, mwanangu?"

Tupokigwe akamshika mkono. "Nilidhani nimekuua, mama. Kila siku nakuuliza habari za sukari ya uji, kumbe nilitaka kukwambia naogopa kubaki bila wewe."