Dirisha la Tabora

...na huyu kuku naye, kama si yeye ningekuwa nimeshafika dirishani, nimeshataja Tabora, yamekwisha, lakini binti aliye mbele yangu kamkumbatia na kapu lake kama mwari anayepelekwa kwa mumewe, karani Mgoa anamwambia mara ya tatu, "Kuku anasafiri behewa la mizigo," naye anajibu, "Mbona wewe husafiri huko, bwana karani?" mstari mzima unacheka, mimi sicheki, nimeishika simu ya maandishi iliyoletwa asubuhi kutoka posta, Salem, mtoto wa dada yangu Kijakazi, kaandika maneno matano, mama hawezi anakutaja njoo upesi, ananitaja kwa lipi, miaka kumi na mitano Kijakazi hajanitaja wala mimi sijamtaja, majirani zangu Kariakoo wanadhani nimeota peke yangu kama uyoga jaani... "Sogea, bibi," anasema mwanamume nyuma yangu, nisogee wapi, nimpande kuku? Gari liko pale linapumua, moshi wake unaingia mpaka ndani ya buibui, gari la njia hii hii ndilo lililomleta Kijakazi siku ile ya matanga, kashuka hapa hapa, kakimbia na kanga imemwanguka begani, kufika nyumbani mama keshazikwa tangu juzi, na mimi, mbele ya wanawake waliojaa jamvini, nikamwambia, "Karibu, ubwabwa bado upo," wengine wakacheka wamejiziba midomo, yeye hakulia, aliomba maji akanywa, gari la kwanza kurudi bara akalipanda, na watu wakanisifu, Mgeni ana kinywa, Mgeni ndiye aliyemuuguza mama yake, Mgeni ndiye aliyemwosha, na kweli nilimwosha, mikono hii... lakini barua, ah, habari ya barua nani anaijua, mama alipozidiwa waliniambia nenda posta kapige simu, nikasema nimeshapiga, sikupiga, niliandika barua kwa herufi za Kiarabu za chuoni nikampa msafiri, naye kaniambia wazi kwamba atashuka kwanza Morogoro kwa mjomba wake, atakaa siku tatu, nikamwambia haidhuru... niliogopa, ndivyo nilivyojiambia, simu ni ya msiba, ukiipiga umeuita, uongo, Mgeni, hapa hakuna anayekusikia ila kuku, sema, hukuogopa simu, ulitaka Kijakazi achelewe, kwa sababu mama katika homa yake hakumwita aliyekuwa akimgeuza kitandani, alimwita wa Tabora, usiku na mchana wa Tabora, nikasema basi, kumwosha angalau kuwe kwangu peke yangu, na kukawa kwangu peke yangu, na kila kitu tangu siku ile... "Mkatie nusu tikiti huyo kuku, twende!" mtu anapiga kelele, karani anapekua kitabu chake cha sheria, anamtafuta kuku ndani, naweza kurudi nyumbani sasa hivi, si mbali, nikafunga mlango, afe akidhani alichelewa mwenyewe, wale wa jamvini wote wako makaburini, wa mwisho kafa Ramadhani hii, nimewashinda wote, hakuna wa kunisuta... wala wa kuniita Mgeni, sasa ni bibi tu, asubuhi hii kutoka mlangoni kwangu hadi stesheni shikamoo bibi, shikamoo bibi, nami marahaba, marahaba, kama kasuku, na mimi ninamwamkia nani? Nahesabu, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, hayupo, amebaki mmoja tu duniani aliyenitangulia kuzaliwa, naye yuko Tabora, hawezi, akiondoka neno lile sitakuwa na wa kumpa tena, nalijaribu, shikamoo dada, linakwaruza kama mwiba wa samaki, binti anageuka, "Umesemaje, bibi?" "Sijasema na wewe, mshike kuku wako," karani bado anapekua, gari bado linapumua, sijasogea hata hatua, lakini Tabora nakwenda, nitaingia, kwanza nitamwamkia, halafu barua, yote, Morogoro na zile siku tatu, kabla hawajanipa maji, asikie au asisikie, na asiponiitikia nitakaa chini pale mkekani, nimwamkie tena.