Kushoto kwa Amplifaya Mpya

Dukani kwetu kuna sharti moja: kifaa kipya kikifika, mimi ndiye wa kwanza kukisikiliza, na nakisikiliza kabla sijasoma boksi lake wala kuambiwa bei. Nakaa kwenye kiti cha stoo, katikati ya spika zilizofunikwa nailoni, naweka wimbo uleule ninaoutumia kujaribu kila kitu, kisha naandika kwenye simu yangu lile linalonijia kwanza. Hakuna kufuta. Bosi anasema mteja anataka maneno ya mtu aliyeshtuka, si ya mtu aliyekaa akafikiri. Kwa kazi hiyo wananiita Sikio, na jina hilo nalipenda kuliko nilivyowahi kuwaambia.

Asubuhi ile sikuwa mtu wa kushtuka. Nyumbani mabegi yangu yalikuwa tayari yamefungwa. Jumamosi nilikuwa nahamia chumba nilichopata karibu na duka, kwa sababu mama yangu alikuwa hanisemeshi tangu nilipoacha ukarani na kuja kusikiliza muziki. Siku nilipompa habari aliniuliza kitu kimoja tu: nalipwa kukaa na kusikiliza? Nilimjibu vibaya, naye akanijibu vibaya zaidi. Baada ya hapo, kimya.

Mama ni fundi cherehani. Asubuhi natoka akiwa bado amelala, na nikirudi jioni namkuta mezani anashona. Nakula mezani hapohapo, yeye kushoto kwangu, upande wa dirisha kwenye mwanga, pini mdomoni, macho kwenye kitambaa. Ni mtu wa sauti ya chini, na harudii neno, ukilikosa limekupita. Hata wateja wake wanalijua hilo, wanamsogelea wakitaka kuambiwa nguo itakuwa tayari lini. Basi jioni zote hizo nilikula, yeye akashona, hakuna aliyesema na mwenzake.

Mwanzoni iliniuma. Nilinuna, nikangoja aone kwamba nimenuna. Kisha siku moja, katikati ya kuosha sahani, nikagundua kwamba hainiumi tena. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Hilo liliniogopesha kuliko ugomvi wenyewe, na ndipo nilipoanza kutafuta chumba.

Amplifaya yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutosha mfuko wa shati, nyeusi, nzito kuliko inavyoonekana. Kazi yake ni kuipa nguvu sauti ya simu kabla haijafika kwenye hedifoni. Niliichomeka, nikavaa hedifoni, nikaweka wimbo wangu. Ni wimbo wa kawaida, ila naujua kama mlango wa kwetu: gitaa liko kushoto, manyanga kulia, mwimbaji wa kike katikati, na kabla ya ubeti wa pili anavuta pumzi.

Niliandika: Besi imetulia chini, haisukumani na mtu. Pumzi ya mwimbaji iko karibu kiasi cha kutaka kumsogezea maji. Manyanga makavu, punje kwa punje. Nikaongeza sauti kidogo, nikaandika tena: Kushoto kumekufa. Gitaa liko nje, linasubiri kufunguliwa. Mwimbaji ameondoka katikati, ameegemea kulia.

Nilijua nimeshika kitu kizuri chenye ubovu wa upande mmoja. Kujua nilijua, ila hakikunigusa popote. Zamani pumzi ile ilikuwa inanisimamisha nywele. Nilivua hedifoni, nikapeleka jibu kwa bosi kama mtu anayepeleka funguo.

Bosi alisoma, akashika kiuno. Alikuwa ameagiza boksi zima. Akanikumbusha kwamba hiki si kifaa cha kwanza. Kabla yake nilizikataa hedifoni za bluu, nikaikataa na redio ndogo, zote kwa kosa la kushoto. Aliyetuuzia alizipima akasema ni nzima, na bosi akamgombeza mtu wa watu kwa ajili yangu. Hakunipandishia sauti. Alimwita Fundi tu, yule anayetengeneza vitu kwenye meza ya mbele, akamwambia aifungue.

Fundi aliifungua, akaipima, akaifunga. Pande zote mbili sawasawa. Akasikiliza mwenyewe akitikisa kichwa kwa kuufurahia wimbo. Halafu akanirudishia hedifoni.

"Geuza," akasema. "Ya kulia vaa kushoto."

Hicho ndicho kitu cha kwanza tunachomfanyia mteja yeyote anayekuja kulalamika. Kabla hujalaumu mashine, geuza hedifoni uone kama ubovu unahama. Mimi mwenyewe nimewageuzia wengi, wengine nikawacheka walipokwisha kutoka. Kichwani kwangu sikuwahi kugeuza hata mara moja. Ningegeuza vipi, na Sikio ndiye mimi?

Niligeuza. Gitaa likaja kulia, kubwa, na kucha za mpigaji zikigusa nyuzi. Manyanga yakapotelea huko kushoto. Ubovu haukuhama na hedifoni. Ulibaki palepale, upande wa kushoto wa kichwa changu.

Nilikaa mpaka wimbo ukaisha. Niliona tu kama naangalia mtu mwingine anayepewa habari mbaya. Fundi ni mtu wa utani, hakuna anayempita pale mbele bila kuchokozwa, lakini siku hiyo alikuwa anakuna shingo.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Nikikuita nikiwa upande huo huitiki. Mimi nilidhani unaringa."

Bosi alinihurumia, akaniambia kesho nianzie kwa daktari wa masikio, habari za kazi tutazungumza nikirudi. Niliitikia. Kwa kuwa hatufuti, niliongeza tu chini ya yale niliyoandika: Kifaa ni kizima, kosa la kushoto ni la msikilizaji. Ila njia nzima ya kurudi nyumbani sikuwa nafikiria kazi. Nilikuwa nafikiria neno moja la Fundi, kuringa.

Nilimkuta mama mezani, kwenye dirisha lake, anapiga pindo la sketi ya mtu. Mabegi yangu yalikuwa yameegemea ukuta. Nilipakua chakula, kisha nikainua kiti changu, nikazunguka nacho, nikakaa upande wake wa pili, dirishani, yeye akawa kulia kwangu. Alikitazama kiti, akaendelea kukanyaga cherehani. Ilikuwa na kelele kuliko nilivyokuwa nimezoea. Alipofika mwisho wa pindo ikanyamaza, akakata uzi. Ndipo, macho kwenye sketi, pini mdomoni, kwa sauti ya mtu asiyetegemea jibu, akasema, "Hicho chakula kimepoa, ungekipasha."

"Nitakipasha, mama."

Mikono yake ikasimama. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini, akanitazama usoni.

"Leo umenijibu," akasema.

Niliacha kula. Akanieleza, polepole, bila hasira. Kwamba kila jioni ananisemesha. Aliniomba radhi kwa yale ya siku ile, nikaendelea kutafuna. Aliniuliza kazi inaendaje, nikainuka kuosha sahani. Akaona basi, binti yake amekua, ameamua kumfanya kama ukuta, na yeye hawezi kumpigia mtu kelele ndani ya nyumba yake.

"Hata jana nilikuambia," akasema, kisha akavuta sketi mapajani.

Niligusa sikio langu la kushoto, nikamweleza lote, hedifoni na kugeuza na daktari wa kesho. Wakati nasema ile ganzi ikaanza kuachia, na ilichoma kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nililia mbele yake bila kujificha. Mama akaweka kiganja juu ya sikio lile, akakiacha hapo.

"Jana ulisemaje, mama?"

Mama yangu, asiyerudia neno, alisogeza kiti chake karibu, upande wa kulia, akalirudia. Alisema, "Usihame."