Ukuta wa Jumamosi

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, wakati watoto wa chekechea wako makwao wakiwasumbua mama zao, wanawake watatu walikuwa wakipanda ukuta wa darasa lao. Hawakupanda kwa miguu. Mmoja mmoja alisimama ubavu kwa ukuta, akaweka vidole kwenye plasta na kuvitembeza kwenda juu, kidole hiki kikitangulia na kile kikifuata, kama mtu anayenyata asimwamshe mwenye nyumba, mpaka mkono ugome. Ukigoma, Bi Mkunga alichora mstari wa chaki kwenye ncha ya kidole. Wiki iliyofuata mtu aliutafuta mstari wake na kujaribu kuupita.

Zoezi lenyewe walipewa hospitali. Wote watatu walikuwa wametolewa titi moja na tezi za kwapani, na kwapa lililopitiwa na kisu lina kinyongo: usipolinyoosha kila siku linajikunja na kuushikilia mkono chini. Muuguzi aliwapa karatasi yenye mchoro wa mwanamke asiye na uso akipandisha vidole. Bi Mkunga aliitazama ile karatasi akasema haiwezi kumtia moyo hata panya, akawakusanya wenzake na kumwomba mwenye shule darasa.

Alikuwa mama mtu mzima, mstaafu, aliyezalisha wanawake kwa miaka thelathini na miwili, na sauti yake bado ilikuwa ya kazini: akikwambia kaa, unajikuta umeshakaa ndipo unajiuliza kwa nini. Wa pili alikuwa Dereva, mwanamke aliyeendesha basi la shule hiyo hiyo, mnene wa kicheko, asiyeweza kunong'ona hata msibani. Wa tatu, na mgeni kuliko wote, alikuwa Msusi.

Msusi alikuwa na sababu yake ya kuupenda ukuta ule. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa na kiti chake dirishani katika saluni ya wifi yake, dada wa mumewe. Saluni ilikuwa ndogo, vioo vitatu na viti vitatu virefu vya mbao vya kukalia wateja, ambavyo wifi aliviagiza kwa seremala vimfae yeye, na wifi alikuwa mrefu kama mlingoti. Msusi hakuwa mrefu, lakini alipokuwa na mikono miwili mizima urefu wa kiti haukumshughulisha. Alisuka huku anapiga soga, hatazami vidole, na wateja walikubali kusubiri nusu siku ili washikwe na yeye.

Miezi saba kiti kilikaa kitupu. Kisha wifi, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache na hayo machache huyatoa kama anayepima dhahabu, alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kochi, akasema:

"Wifi, kuna binti anakiomba kile kiti. Nimemwambia asubiri mpaka mwezi uishe. Ukiniambia unarudi, simchukui. Sikufukuzi, unanielewa? Ila kazi imenielemea."

"Narudi," Msusi alisema.

"Mkono?"

"Unapanda. Nenda ukaulize ukutani."

Na kweli ulipanda, kwa ushahidi wa chaki. Alipojiunga, mstari wake ulikuwa usawa wa bega. Wiki ya tatu ukafika kidevuni. Wiki ya sita ukawa usawa wa macho, ya tisa ukapita utosi. Bi Mkunga alikuwa na sharti moja: upande umefumba macho. "Macho yana kiherehere," alisema. "Yakiona juu ni mbali, yanautisha mkono." Basi Msusi alifumba, akapanda, akauma meno, akasikia chaki ikikwaruza juu yake na sauti ya Bi Mkunga ikisema, "Haya, shusha, fungua, tazama mwenyewe!" Akatazama. Mstari mpya uko juu ya ule wa zamani, mweupe pee. Dereva akapiga kigelegele kilichomtoa mlinzi getini mbio. Nyumbani Msusi alishindwa kuanika shuka kwenye kamba, lakini alijiambia kamba imefungwa juu mno. Mtu anayetaka kuamini hakosi cha kusingizia.

Alimpigia wifi simu kwamba Jumatano anaanza.

Mteja wa kwanza alikuwa karani mmoja, mteja wake wa siku nyingi, mwenye nywele nzito zisizotaka mchezo. Alitaka mistari myembamba ya kupanda utosini. Kisogoni mambo yalikwenda vizuri mno, hata Msusi akaona machozi yanamlengalenga, kwa sababu vidole vilikuwa havijasahau hata kitu kimoja. Masikioni pia, vizuri. Akafika utosini, mkono ukasimama. Haukuuma sana. Uligoma tu, kama mlango uliofungwa kwa ndani.

Akasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Akakiinamisha kichwa cha karani, akakiinamisha tena, mpaka karani akasema, "Msusi, mwenzangu, kichwa nakihitaji kesho." Watu wakacheka. Kitana kikaanguka, wakacheka tena. Kilipoanguka mara ya pili hakuna aliyecheka. Kwenye kioo Msusi alijiona: bega moja limepanda sikioni, jasho linamtiririka, mdomo umekaa upande. Wifi akaja, akakiokota kitana, akamaliza kichwa kile bila kusema neno. Angefoka ingekuwa nafuu.

Jumamosi Msusi alifika shuleni saa tatu, kabla ya wenzake. Mlinzi akamfungulia. Akasimama ubavu kwa ukuta, na kwa mara ya kwanza akapanda macho wazi.

Vidole vilipita bega. Vikafika kidevuni, vikasimama. Alivuta pumzi kama walivyofundishwa, akasukuma, vikaongeza ukucha mmoja, basi. Mstari wake wa chaki ulikuwa juu huko, shibiri moja na nusu kutoka ncha ya kidole chake. Akashusha mkono, akapanda tena. Akapanda mara ya tatu. Alipokuwa bado ameung'ang'ania ukuta, mlango ulifunguliwa, na Bi Mkunga akaingia na chupa ya chai.

Bi Mkunga aliangalia kidole, akaangalia mstari, akaiweka chupa chini taratibu.

"Umefungua macho," alisema.

"Nimefunguliwa. Jumatano, saluni, mbele ya watu." Msusi aliuonyesha mstari wake wa chaki. "Ulikuwa unachora hewani, Bi Mkunga. Mimi nimefumba macho kama mtoto, wewe unachora hewani."

"Nilikuwa natia chumvi kidogo."

"Kidogo? Hii ni shibiri nzima na ushee! Nimemwambia wifi yangu nimepona. Nimekwenda kuaibika kwa miguu yangu mwenyewe!"

Bi Mkunga akakaa kwenye ukingo wa meza ya mwalimu. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Miaka thelathini na miwili," alisema, "nimewaambia wanawake kichwa cha mtoto kinaonekana. Saa nyingine hata hakijakaribia. Lakini ukimwambia mtu kinaonekana, anasukuma. Ukimwambia bado saa sita, anakata tamaa, na akikata tamaa hapo ndipo ninapompoteza."

"Mimi si mzazi, Bi Mkunga. Mtoto hata akichelewa, mwisho anatoka. Mkono huu huenda usitoke!"

"Najua."

"Kama unajua, kwa nini?"

"Kabla yako kulikuwa na mwenzetu mmoja hapa. Yule nilimchorea ukweli. Wiki tatu mstari ule ule. Ya nne hakuja. Nilipomfuata kwake, mkono ulikuwa umeganda ubavuni, kama bawa la kuku aliyefungwa kamba. Akaniambia, 'Mama, nilichoka kuutazama ule mstari.' Nikaapa sitamchosha mwingine."

Msusi alitaka kuendelea kukasirika, na hasira anayo tele, lakini alikumbuka asubuhi zote alizoamka akaupandisha mkono ukutani chumbani kabla hata ya kunawa uso, kwa sababu tu wiki iliyopita ulipanda. Kama angeambiwa ukweli, angeamka? Hajui. Hadi leo ukimuuliza atakwambia hajui, na kwamba bado linamuudhi.

Kisha swali jingine likamjia. "Na wako?"

"Wangu nini?"

"Mstari wako." Mstari wa Bi Mkunga ulikuwa juu kuliko wote, karibu na picha za herufi. "Sisi kila tukifika unasema umeshapanda. Sijawahi kukuona ukipanda."

"Nawahi kuamka."

"Panda sasa."

"Kwapa linaniuma leo."

"Bi Mkunga," Msusi alisema, na sauti ilimtoka ya upole kuliko alivyokusudia, "si wewe unayetuambia kila wiki kwamba mficha uchi hazai?"

Mama yule aliyezalisha nusu ya mtaa alisimama. Akasogea ukutani, akaweka vidole. Hakufumba macho. Vidole vikapanda hadi usawa wa kifua, vikaanza kutetemeka, vikafika kwapani, vikakoma. Vilikoma chini ya vya Msusi. Mkono, ukiutazama vizuri, ulikuwa umevimba kuanzia kiwiko, na mikono mirefu ya gauni, aliyoivaa hata siku za joto, sasa ilieleweka.

"Tangu lini?" Msusi aliuliza.

"Mwaka jana."

"Umekwenda kuwaonyesha hospitali?"

"Niende niwaambie nini? Mimi ndiye ninayewapeleka nyinyi."

"Na nani anakushika mkono wewe?"

Bi Mkunga alifungua mdomo ajibu kwa sauti yake ya kazini, na sauti haikuja. Badala yake alilia, bila kelele, uso umeelekea ukutani, vidole bado vipo pale pale vilipogomea. Msusi akaenda nyuma yake, akaweka kiganja chini ya kiwiko kile kilichovimba. Hakukisukuma. Alikibeba tu, ili kisichoke. Wakakaa hivyo kitambo, na huruma na hasira vikawa vimekaa pamoja kifuani mwa Msusi bila kugombana.

Ndivyo Dereva alivyowakuta.

"Haya, nani kafa?" aliuliza kutoka mlangoni, na mlinzi getini bila shaka alisikia.

Wakamwambia. Alisikiliza, ameshika kiuno. Kisha akaenda ukutani, akapanda macho wazi. Vidole vyake vilifika usawa wa paji la uso. Mstari wake ulikuwa vidole vinne juu zaidi. Akaupima, akageuka.

"Yaani miezi yote hii," alisema, "nimekuwa nikipeleka watoto wa watu kwa mkono wa uongo?"

Bi Mkunga akacheka katikati ya kilio, kicheko kikamtoka puani, na Dereva akampa leso huku akimwambia kwamba Jumatatu, akishashusha watoto, basi linakwenda hospitali na abiria mmoja, na abiria huyo asilete ubishi kwa sababu mlango wa basi unafungwa na dereva.

Msusi akachukua kitambaa, akakilowesha, akaifuta mistari yote mitatu. Chaki akampa Dereva. Kila mmoja akapanda tena, macho wazi, na Dereva akachora pale pale kidole kilipokoma. Mistari mitatu mipya ilikaa chini chini, kama ya watoto wenye darasa lao. Haikupendeza. Msusi aliusogelea wake, akasimama nao uso kwa uso. Ulimgusa kidevuni.

Akatoka nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akampigia wifi yake.

"Wifi," alisema, "nilikudanganya. Sikukusudia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mkono haujapona."

Upande wa pili mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inavuma.

"Unafika kidevuni," Msusi aliendelea, na maneno yalikuwa mazito kuyasema kuliko alivyodhani, kwa sababu alikuwa hajayasema hata kwa mumewe. "Hapo unafanya kazi kama zamani. Kupita hapo, hapana. Nitaendelea na mazoezi, ila huenda ikawa ndiyo basi. Kama unataka kumpa yule binti kiti, mpe. Sitakasirika. Nitalia, lakini sitakasirika."

Mashine ikazimwa. Wifi hakusema pole. Hakuwa mtu wa pole.

"Kidevuni kwako," wifi aliuliza, "au kwangu?"

"Kwangu. Kwa nini?"

"Subiri." Sauti yake ikasogea mbali na simu, ikasema na mtu mwingine, "Dada, samahani, hebu inuka kidogo hapo dirishani." Kisha kikasikika kiti cha mbao kikipinduliwa sakafuni, na wifi akarudi, anahema kama mtu aliyeinama. "Wifi, mimi nakipima kiti kwa futi hapa, nawe tafuta ya kujipimia huko. Simama wima, usijirefushe, halafu niambie: kutoka chini mpaka kidevuni ni ngapi? Seremala anakuja saa nane, na safari hii nataka akate miguu ya kiti kwa kipimo chako."