Imebaki Ngapi?

Phelista Nekesa aliingia kwenye kamera yangu kwa sababu ya mzee mmoja mwenye haraka. Mzee huyo alitaka picha zake za kuombea kazi siku hiyo hiyo, na filamu niliyokuwa nayo ilikuwa na nafasi nne ambazo hazijapigwa. Mwaka ulikuwa 2000, studio yangu ya Kitale ilikuwa na miezi miwili tu, na sikuwa tayari kuosha filamu ambayo haijaisha. Nikatoka nje kutafuta chochote cha kupiga. Pale barazani jirani yangu, fundi wa nguo, alikuwa akitia uzi kwenye cherehani, amebana pini tatu kando ya mdomo.

"Dada, angalia huku."

"Mimi? Na hizi nywele?"

Nikapiga zote nne kabla hajamaliza kulalamika.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila filamu ilipokaribia kuisha huku mteja akinihimiza, nilitoka barazani, na Phelista aliuliza bila kuinua macho, "Nduta, imebaki ngapi?"

"Mbili."

"Haya piga haraka, hizi yunifomu zinangojewa."

Siku nyingine ilibaki moja, siku ya bahati tano. Nilimpiga akitafuna mahindi ya kuchoma. Nilimpiga akimgombeza mteja aliyenenepa baada ya kupimwa suruali. Nilimpiga akicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Hakuwahi kujipanga hata siku moja, kwa sababu sikumpa nafasi.

Ndani ya studio, mbele ya pazia langu lililochorwa ndege na maporomoko ya maji, watu walisimama wima kama nguzo za stima. Nje, kwa Phelista, nilikuwa msanii. Nasema hivyo bila aibu. Nilizipanga picha zake mezani nikajifunza kazi: mwanga wa saa kumi, mikono inavyosema, muda wa kungoja kabla ya kubonyeza. Kila picha nzuri niliyompiga mtu mwingine, nilikuwa nimeijaribia kwake kwanza. Je, nilimwambia? Wapi! Mimi kugomba ni mwepesi, kusifu ndiyo kazi.

Mwaka 2005 nikanunua kamera ya dijitali, isiyo na filamu ya kumalizia, watu wakaja kuishangaa. Miezi michache baadaye Phelista akapata chumba cha duka Bungoma, karibu na kwao Bokoli, akaifunga cherehani yake kwa kamba, akaondoka. Baraza likabaki tupu. Picha zangu zikawa safi kabisa, na hazina ladha, kama uji wa jana.

"Njoo na kamera siku ya kufungua duka," aliniambia kwenye simu. "Nataka picha moja kubwa ya kuweka ukutani. Ya mwenye duka, umesikia?"

Nilisikia. Nikaenda, nikapiga kila mtu. Nilimpiga mchungaji akiombea mlango, nikapiga kwaya, nikawapiga mashangazi waliotoka Tongaren, nikampiga Mama Bilha, mamake Phelista, mara saba kwa sababu alizidi kubadilisha kofia. Hata mbuzi alipata picha yake kabla ya kuingia sufuriani. Muda wote huo Phelista alisimama kando ya mlango na gauni la kitenge alilolishona kwa wiki tatu, akingoja. Nilimwona. Nikajiambia, huyu ni wa mwisho. Mkono wangu ulikuwa umezoea hivyo kwa miaka mitano: wengine kwanza, Phelista mwisho. Nilipomgeukia, kamera ikalia kidogo ikazima. Betri imeisha, na chaja iko Kitale.

Phelista akalainisha gauni lake kwa viganja.

"Si ni sawa tu, bana," akasema. Kisha akaongeza polepole, "Kumbe mimi nilikuwa wa kumalizia filamu. Sasa filamu hakuna, na mimi pia hakuna."

Akaenda kugawa soda.

Nilirudi Kitale nimejikasirikia hata nikakosa wa kumgombeza. Nilipompigia simu alisema ana wateja. Nikapiga tena, ana wateja. Hapo niliogopa kweli, maana rafiki wa namna ile hapatikani mara mbili, na nilikuwa nampoteza hivi hivi kwa uzembe wangu. Jumamosi nikaitoa kabatini kamera yangu ya zamani, nikanunua filamu, nikaenda Bungoma.

Nilimkuta mlangoni kwenye cherehani, pini kando ya mdomo kama kawaida. Mama Bilha alikuwa kwenye benchi, aking'oa vifungo kwenye koti kuukuu.

"Sasa, Phelista."

"Poa."

Macho yake yakaanguka kwenye kamera. Aliijua vizuri, mpaka ile plasta niliyofungia kifuniko cha nyuma.

"Ati umekuja na hii? Leo ni nani anakuharakisha?"

"Hakuna mtu."

"Basi nipige mimi," Mama Bilha akadakia, akiutafuta mkoba wenye kofia.

"Hapana, Mama. Nisamehe, leo hapana."

Phelista akakata uzi kwa mkasi. Uchungu ulikuwa bado kwenye sauti yake, na nadhani alisema kwa mazoea tu.

"Imebaki ngapi?"

Nilitoa filamu mfukoni, ikiwa bado ndani ya boksi lake. Nikalirarua boksi mbele yake, nikaitia filamu kwenye kamera, nikafunga kifuniko, nikabana plasta. Alifuata kila kitu kwa macho. Miguu yake iliacha kukanyaga cherehani.

"Thelathini na sita," nikasema. "Zote ni zako."

Akafungua mdomo anijibu, pini zikamdondokea mapajani, na kabla hajaziokota nilikuwa nimepiga ya kwanza. Ndiyo hiyo iko ukutani dukani kwake.